Watu Wetu Wanasoma. Ni Nyinyi Hamjui Kuandika

Kuna sentensi moja nimeisikia hadi masikio yanawasha: "Shida ni watu wetu hawasomi."

Utaisikia kwa mikutano ya vijana na teknolojia, ikisemwa na mtu aliyeshiba chai ya mradi. Utaisikia ofisini, ikisemwa na afisa ambaye fomu yake imejazwa vibaya kwa mara ya mia. Apu imekosa watumiaji? Watu hawasomi. Mama amefinya mahali si pake na pesa zimeenda? Hasomi huyo. Mkulima amenyunyizia maembe dawa leo na kuvuna kesho? Si maagizo yako hapo kwa chupa, ni vile hawasomi.

Zii. Nakataa.

Njoo hapa Wote siku ya soko ujionee. Mama wa mboga anasoma ujumbe wa M-Pesa mstari kwa mstari, jina, kiasi, saa, salio, kabla hajakupea nyanya. Msee wa boda anasoma mkeka wake wa kubeti mpaka nukta ya mwisho. Wazee wanasoma matangazo ya mazishi wakitafuta nani ameoa kwa kina nani. Susu wangu anasoma Biblia ya Kikamba yenye herufi ndogo kama sisimizi, na akikosa miwani anamwita mtoto amsomee huku yeye akimrekebisha. Hawa watu wanasoma kila kitu ambacho kimeandikwa na mtu aliyejua kwamba wao wapo.

Kwa hivyo msituambie hawasomi. Semeni ukweli: hamkuwaandikia.

Hii maneno inanichoma kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ukitoa hizi video na machapisho mnayoyajua, mimi hulipa nyumba kwa kuandika miongozo. Mwandishi wa kiufundi, ndiyo jina la heshima. Ukitengeneza kitu, mimi nakaa katikati yako na yule atakayekitumia, nauliza maswali ya kijinga mpaka unakasirika, kisha naandika: anza hapa, finya hii, ukiona hivi umefaulu, ukiona vile fanya hivi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo na mimi tulikosana. Sijaandika haya ili nionewe huruma. Nimeandika kwa sababu watu wenye digrii tatu wananiambia kazi yangu ni "ya kumalizia malizia tu", kitu unampa mwanafunzi wa atachi Ijumaa jioni.

Basi tuanze na kitu ambacho hakimaliziki kirahisi. Tuanze na mahindi.

Asilimia 13.5

Mwaka wa 2004, hapa Makueni na kwa majirani zetu Kitui, pamoja na wilaya zingine za karibu, watu walikula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Ni sumu inayotolewa na ukungu, na ukungu unapenda mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317. Waliokufa walikuwa 125. Mengi ya hayo mahindi hayakuwa ya kununuliwa mbali. Yalikuwa ya nyumbani, yamevunwa shambani na kuwekwa ndani na mikono ya wenyewe.

Sisemi karatasi ingewaokoa wote. Mtu mwenye njaa atakula alicho nacho, na njaa haiondolewi na mwongozo. Lakini tangu nikiwa mdogo nimeona ushauri uleule kwa mabango na kwa mikutano: kausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5.

Sasa niambie, asilimia 13.5 inaonekanaje? Ina rangi gani? Ukiuma punje inasema nini? Kipimo cha unyevu ni mashine, na nyumba nyingi za huku hazina hiyo mashine. Namba ni sahihi kabisa. Wanasayansi hawakukosea. Lakini ukimpa mtu namba asiyoweza kuipima, umejifurahisha tu kwamba umemwambia.

Na njia ya kupima ipo, wala haihitaji mradi. Chukua chupa ya glasi, kavu, yenye kifuniko. Weka chumvi kavu na mahindi, usijaze, acha nafasi. Funga, tikisa dakika kadhaa, kisha acha itulie kama dakika 15. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Bado hujafika 13.5, kwa hivyo anika zaidi kabla ya kuweka kwa gunia. Na jua hili pia: chupa inakuonyesha maji tu. Haikuonyeshi kama sumu tayari imeingia, na sumu ikiingia, kupika hakuiondoi.

Umesoma hiyo aya kwa muda gani? Nusu dakika? Umeelewa? Unaweza kumweleza susu yako leo jioni? Hiyo ndiyo kazi yangu. Ile 13.5 haijatupwa, imepewa tu chupa na chumvi ili iingie nyumbani kwa mtu. Na angalia ile sentensi ya mwisho kuhusu kile chupa haionyeshi. Mwandishi mvivu angeiacha kwa sababu inaharibu utamu. Lakini mwongozo unaoficha mipaka yake ni mtego.

Magunia ya Iraki

Mnadhani nakuza mambo? Twende Iraki, mwaka wa 1971.

Nchi ilikuwa imepigwa na ukame. Serikali ikaagiza ngano ya mbegu kutoka nje, kutoka Mexico na Marekani, iliyopakwa dawa ya zebaki kuzuia ukungu. Ilikuwa ya kupanda, si ya kula. Ikafika ikiwa imechelewa, wakulima wengi wameshapanda. Na onyo kwenye magunia? Lilikuwa limeandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa pia, ambayo kwa mkulima wa kijijini kule haikusema chochote. Ngano ilikuwa imetiwa rangi nyekundu kama tahadhari. Watu wakaiosha, rangi ikatoka, wakaona dawa imetoka. Wakasaga, wakaoka mkate.

Hesabu rasmi: watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 wakafa humo.

Sasa simama kando ya lile gunia na urudie ile sentensi yenu. "Shida ni watu hawasomi." Unaona vile inanuka?

Aliyeandika lile onyo alifanya kazi yake kikamilifu, kama kazi yake ilikuwa kuandika onyo. Kama ilikuwa kumfikia mtu atakayefungua gunia, hakuanza hata. Tofauti ya hizo kazi mbili ndiyo ninayoipigania hapa.

Kumbe tunajua kufanya vizuri

Msiniambie hii ni ngumu sana kwa nchi yetu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Watu ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki walianza kutuma pesa kwa simu ya kufinya, na kwa nini walifaulu? Menyu ilikuwa fupi. Halafu nyuma ya kaunta kulikuwa na mtu. Ajenti. Alikueleza kwa lugha yako, akakuonyesha, akangoja ujumbe uingie, akakuambia usimpe mtu namba yako ya siri hata yeye mwenyewe. Ajenti alikuwa mwongozo wenye miguu.

Na leo? Muulize mtu yeyote stendi ya Wote: ukituma pesa kwa namba si yake unafanya nini? Atakuambia unasambaza ule ujumbe kwa 456. Hakuna aliyeenda chuo kusomea hiyo. Ni maagizo mafupi, kitendo kimoja, namba moja, yanakuja wakati umeshikwa na jasho na unayahitaji. Watu wakaelewa, wakakumbuka, wakaambiana. Watu wale wale "wasiosoma".

Sasa linganisha na yale tunayopewa kwingine. Sitataja tovuti gani, lakini niliwahi kufungua maelezo ya huduma moja ya umma yakaanza hivi: "Mwombaji anatakiwa kuhakikisha kwamba taarifa zote muhimu zimejazwa kikamilifu kabla ya kuendelea na hatua inayofuata." Taarifa gani? Muhimu kwa nani? Hatua inayofuata ni ya ngapi kati ya ngapi?

Mimi ningeandika hivi:

Kabla ya kuanza, weka karibu kitambulisho chako na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Hatua ni 5, tenga dakika 10. Ukifika hatua ya 3 utatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi. Ikipita dakika 5 bila ujumbe, usianze upya: finya "Tuma tena".

Hiyo si fasihi. Hakuna atakayenipa tuzo. Lakini mama aliyesafiri kutoka Kathonzweni kuja mjini kwa nauli ya kukopa hatarudishwa nyumbani kwa sababu aliacha kitambulisho kwa meza.

Kwa sababu huo ndio mfuko unaoumia. Maelezo mabaya yana bei, na bei haimpati aliyeyaandika. Inampata anayelipa saiba ajaziwe fomu ambayo ilitangazwa kuwa ni bure. Inampata anayeacha nenosiri lake kwa daftari la saiba, likiwa limeandikwa kwa kalamu, chini ya majina ya watu wengine ishirini. Na usimlaumu kijana wa saiba. Yeye ndiye mwongozo pekee uliopo. Wenye mfumo walilipa watu wa kuujenga, wakalipa hema na fulana za siku ya uzinduzi, halafu kazi ya kueleza wakamwachia yeye bila kumwambia.

"Wewe andika tu"

Kuna kampuni changa moja ya Nairobi iliniita niwaandikie mwongozo wa apu ya vyama vya akiba. Kina mama wa chama wangerekodi michango kwa simu badala ya daftari. Wazo zuri, hata mimi nililipenda. Nikawaambia: nitaandika, halafu nikae na wanachama watano huku Wote, nione wakitumia. Watano tu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya matumizi, aliandika mwaka wa 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Si utafiti wa Umoja wa Mataifa huo. Ni siku moja na soda tano.

Jibu lilikuwa: "Hiyo bajeti hatuna. Wewe andika tu. Na usiandike mengi, watu wa huko hawasomi."

Nikakaa nao watano kwa soda zangu mwenyewe. Wote watano walikwama mahali pamoja. Mwongozo unasema jaza kiasi, kisha finya "Endelea". Wanajaza, wanatafuta, hakuna "Endelea". Kwa nini? Simu zao ni ndogo. Ukianza kuandika namba, kibodi inapanda na kufunika kitufe. Kule Nairobi waliotengeneza wana simu kubwa, kitufe wanakiona siku zote. Mama mmoja aliniambia polepole, kwa aibu ambayo haikuwa yake, "Labda ni mimi sijui hizi vitu."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Mama huyo anaweka hesabu za watu thelathini kichwani. Anajua nani ana deni la mwaka juzi na riba yake ni ngapi. Mtu ameweka kitufe nyuma ya kibodi, na ni yeye anaomba msamaha.

Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Kitufe kikasogezwa baadaye. Malipo ya ule mwongozo yalichukua miezi mitatu, na za soda sikurudishiwa mpaka leo. Lakini angalia kilichotokea: hitilafu haikuonekana na waliojenga, wala na waliowekeza. Ilionekana na yule wa kumalizia malizia. Ndiyo maana nasema mwandishi wa miongozo asiitwe Ijumaa jioni baada ya kila kitu kuisha. Aitwe mwanzo. Ukishindwa kueleza kitu chako kwa hatua sita, mara nyingi kitu chenyewe ndicho kibovu, na yeye ndiye wa kwanza kujua.

Vipaji vinaenda wapi?

Sasa nigeukie wasee wangu, kwa sababu wakubwa peke yao hawajatufikisha hapa.

Nchi hii ina vijana wanaojua kuandika. Tuseme ukweli tunaoujua wote. Kwa miaka mingi wasee wamekesha wakiandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Wanajua kunukuu kwa mitindo mitatu. Wanaweza kusoma kitabu cha uuguzi Jumatatu na kutoa kurasa kumi Jumanne, kwa jina la mtu ambaye hawatawahi kumwona. Uwezo huo si mdogo. Lakini umeenda kumpa mtoto wa ng'ambo digrii, na hapa nyumbani hakuna aliyelipwa kuandika karatasi moja ya jinsi ya kusoma rangi kwenye chupa ya dawa ya wadudu. Nyekundu ni hatari sana, njano inafuata, halafu bluu, halafu kijani. Ulijua? Wauza maembe wa hii kaunti yote wangejua, kama kuna mtu angeandika kwa herufi zinazoonekana.

Na hiyo biashara ya insha inakufa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 2022 ya kuzuia kuuza insha kwa wanafunzi wa vyuo vyake. Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikaingia, na wateja wengi wakaona hawana haja na wewe. Wasee wakabaki wanauliza tufanye nini sasa.

Fanyeni hii. Google ina kozi za uandishi wa kiufundi mtandaoni, bure kabisa. Soma kuhusu Diátaxis, mpangilio wa Daniele Procida: kuna somo la kumshika mkono anayeanza, kuna hatua za kumaliza kazi fulani, kuna marejeleo ya kutafuta jambo haraka, na kuna ufafanuzi wa kwa nini. Ukichanganya zote nne kwa ukurasa mmoja unapika muthokoi na mawe yake. Ukizitenganisha, ghafla mtu anapata alichokuja kutafuta. Hicho tu, ukikielewa vizuri, kitakuweka mbele ya wengi wanaojiita waandishi.

Najua mtasema nini

Mtasema: si akili mnemba itaandika hiyo miongozo? Itaandika, ndiyo. Itaandika haraka na kwa sentensi safi. Lakini haijakaa na yule mama. Haikuona kibodi ikifunika kitufe, kwa sababu hakuna aliyeiambia, na asiyejua hawezi kuiambia. Itakuandikia kitufe ambacho hakipo na kwa sauti ya mtu anayejiamini kabisa. Itumie, hata mimi naitumia kusafisha rasimu. Lakini kazi haijawahi kuwa maneno. Kazi ni kwenda kuona.

Mtasema: weka video, nani anasoma siku hizi? Mimi natengeneza video, hiyo ni unga wangu, na bado nawaambia video haitoshi. Mtu amekwama hatua ya sita na bando limebaki la shilingi tano. Unataka atazame dakika nane, akusikie ukisalimia mashabiki kwanza? Maandishi anaruka hadi sita. Anayapiga picha. Anayachapisha kwa karatasi na kuyabandika ukutani kwa duka, na mtandao ukipotea hayapotei.

Mtasema: Kiswahili hakina maneno ya teknolojia. Hii ndiyo huwa inanichekesha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Programu nzima ya ofisini, ya kuandika na kupiga hesabu, kwa Kiswahili. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Maneno yapo. Kinachokosekana ni nia, na pia adabu ya kutumia neno ambalo mtu analo. Huku tunasema "finya". Ukiandika "bonyeza" nitakuelewa, lakini ukiandika "wasilisha" na kwenye skrini kumeandikwa "Submit", umemtuma mtu kutafuta neno ambalo halipo. Andika kilicho kwenye skrini vilevile kilivyo, kisha eleza kwa Kiswahili maana yake. Na kwa susu yangu, andika kwa Kikamba pia. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuelezwa mara mbili.

Mtasema: hii ni hisani, fanya kwa kujitolea. Hapana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Na inazihusu huduma za serikali pamoja na za kampuni binafsi. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Unganisha hivyo viwili. Mtu kueleweshwa kitu alicholipia, kwa lugha anayoielewa, ni haki yake. Kama ni haki, basi anayeifanya hiyo kazi ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa.

Kwa hivyo

Kwa wenye pesa, wenye miradi, wenye ofisi: mkipanga bajeti, wekeni mstari mmoja wa mwandishi na wa watu watano wa kujaribu naye. Uwe juu ya mstari wa fulana. Mkikosa pesa, punguzeni hema. Na siku mtakaposhikwa na hamu ya kusema watu hawasomi, chukueni kwanza mlichokiandika, mtoke nje, mmpe mtu wa kwanza anayepita, mnyamaze, mtazame. Msimsaidie. Kule atakapokwama ndiko mlikokosea nyinyi.

Kwa wasee wangu: msingoje kuajiriwa ndiyo muanze. Wiki hii chagua kitu kimoja mtaani kwenu kinachotesa watu. Inaweza kuwa fomu ya basari, tokeni za stima, tangi la maji lenye vali tatu ambalo ni mtu mmoja tu anayejua kulifungua. Kaa na anayekijua. Andika hatua, zisizidi kumi. Kaa na watano wasiokijua, uone wakikwama wapi, urekebishe. Weka tarehe chini, kwa sababu mwongozo wa zamani unaweza kuwa mbaya kuliko kukosa kabisa. Weka jina lako pia. Kisha bandika pale watu wanapokihitaji kile kitu, si pale wewe unapopenda kuonekana. Ukimaliza, umepata kazi ya kwanza ya kumwonyesha mwajiri, na ni ya kweli kuliko vyeti vingi nilivyoona.

Basi. Anayetaka kubishana nami anajua pa kunipata. Lakini asianze na ile sentensi. Watu wamesoma haya yote hadi hapa chini, na wengi wao ni wale wale mnaosema hawasomi.